Miguu Ilisinzia Kwanza

Mimi nimesoma darasa la pili tu, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akaona makosa ya kalamu yangu akadhani amegundua kitu. Kwa darasa hilohilo moja na nusu nimekuwa mnyapara wa watu kumi na wanane, nimejenga nyumba ya bati hapa Ilembo, na leo nina misumeno minne ya kwangu mwenyewe. Wapo waliofika la nane wanaokuja kuniomba kazi. Kwa hiyo nisikilizwe.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa ana malale, huu ugonjwa wa usingizi, na kwa ajili ya mke wake. Mambo ya vijidudu na damu waulizeni madaktari. Mimi nitaeleza jinsi ugonjwa ulivyonijia, jinsi nilivyokaa nao, na nani aliyeuona kwanza. Huyo aliyeuona kwanza nilimfukuza kazi.

Mwaka Malkia wa Uingereza alipovikwa taji nilikuwa kwenye kambi ya mbao porini, mwendo wa saa tano kwa baiskeli kutoka Mpanda. Tulikuwa tunaangusha mininga na kupasua mbao za kwenda relini na mgodini. Kazi yetu ilikuwa ya shimo. Gogo linalazwa juu ya shimo lenye kina kupita kimo cha mtu. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mmoja mrefu wanauvuta wote wawili, juu, chini, kutwa nzima. Wa juu ndiye anayefuata mstari wa mkaa, ndiye anayeitwa fundi, na posho yake ni nzuri kidogo. Wa chini anavuta na kula unga wa mbao. Desturi ni kubadilishana: wiki hii wewe juu, wiki ijayo mimi.

Mtu mmoja hakubadilishwa. Alikuwa chini miaka mitatu. Jina lake Anselmo, mtu wa Mwamkulu, wakati huo ana kama miaka thelathini, anaishi na mama yake.

Kwetu hakuna jina la mtu wa namna ile. Kichaa si kichaa, bubu si bubu, mjinga si mjinga. Alikuwa hakutazami usoni. Ukimsalimia alijibu akiangalia miguu yako. Bati likigongwa ghafla aliziba masikio akawa anayumba mbele na nyuma mpaka moyo utulie. Kabari zake alizipanga kwa urefu kando ya shimo, na mtu akizivuruga hakuanza kazi mpaka zipangwe upya. Ukimuuliza swali alijibu hilo swali, hakuongeza kitu. Uongo hakuujua, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu.

Kupasua alijua. Sisemi alinishinda mimi. Wa kunishinda kwa msumeno Mpanda hii sijamwona. Lakini kati ya watu wangu kumi na wanane alikuwa katika watano wa kwanza. Nikamwacha chini hivyohivyo. Wenzake walisema hawawezi kusimama shimoni chini ya mtu asiyewatazama, atawaangushia gogo. Nami niliona ni rahisi, maana yeye halalamiki. Asiyelalamika hubebeshwa na mzigo wa wenzake, ndivyo kazi zilivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa mizigo.

Kilichomtenga zaidi kilikuwa utani. Kambini utani ndio uliotufanya tukae pamoja bila kupigana, maana tulikuwa Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wapimbwe, Wanyamwezi, kila mtu na lugha ya kwao. Ukoo wa Anselmo na ukoo wangu ni watani tangu enzi za babu. Mtani ana haki ya kukuita mwizi wa mizinga ya nyuki mbele ya mkweo, na wewe unacheka. Anselmo hakuweza. Nilimwambia siku moja mbele ya watu, Anselmo, nimesikia umekufa, jeneza lako nimelipasua mimi mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema, "Sijafa." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo kila asubuhi kuna mtu alimuuliza kama amekufa, na kila asubuhi alijibu kwamba hajafa. Chakula alikula peke yake, nyuma ya lundo la magome.

Mwisho wa kiangazi kile mbung'o aliniuma nyuma ya shingo. Sikujali. Kule porini mbung'o kukuuma ni kama inzi kukutua sokoni. Pakavimba, pakawa na kidonda kama jipu, pakapona. Halafu ikaja homa, nikameza kwinini. Ikaondoka, ikarudi. Kichwa kiliniuma kwa mbele, hapa juu ya macho. Nilijiambia ni jua. Mimi nilikuwa mtu wa kubeba boriti peke yangu, homa ni kitu gani.

Mvua za kwanza zilipoanza nilikuwa napanda juu ya gogo mara kwa mara kuwaonyesha vijana jinsi ya kuvuta. Shimo la Anselmo ndilo nililolipenda, kwa sababu chini kulikuwa na mtu wa kuaminika. Mtu wa shimoni kutwa anaona nini? Anaona miguu ya mwenzake. Na huyu hata akitoka shimoni alikuwa anaangalia miguu ileile. Asubuhi moja akasimamisha msumeno. Hakuwahi kuusimamisha.

"Mnyapara," akasema kutoka chini, "miguu yako inasinzia."

Watu wa shimo la jirani walisikia. Kambi nzima ilifurahi. Walisema leo mtani wetu amejaliwa, miaka mitatu anakula utani wetu bure, leo amelipa. Walimshika mkono, mmoja akampa tumbaku. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamjibu kwamba miguu yangu inasinzia kwa sababu usiku inafanya kazi kwa mama yake. Yeye hakucheka. Siku ya pili akasema tena. Siku ya tatu akasema, "Una malale, nenda ukapimwe." Watu walizidi kucheka. Walimwita Bwana Daktari. Akawa analisema kila asubuhi kabla ya kushika msumeno, kwa sauti ileile, na kila asubuhi tulicheka, hata ikawa kama kengele ya kuanzia kazi.

Nataka msomaji aelewe kosa hili, maana ni letu sisi. Angesema mtu mwingine ningeogopa. Kwa kuwa aliyesema ni mtani, maneno yalipita kama upepo. Tulishindwa kufikiri kwamba mtu asiyejua utani hawezi kuwa anatania.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Malale ilikuwa na amri yake. Mnyapara akishukiwa, anaondolewa kambini siku hiyohiyo, na nafasi yake haimngoji. Nafasi ile niliipata kwa miaka kumi na mmoja, nikianzia kubeba maji ya wapishi.

Bwana wetu, Mzungu mmoja mwenye kikohozi, alikuja kukagua siku ya mawingu mazito. Mimi nilikuwa juu ya gogo. Alipoondoa ubao akaukuta umepinda kama mgongo wa nyoka. Akauliza nani ameharibu. Nikaangalia chini shimoni, tayari kusema ni huyu. Lakini Anselmo alishajibu, maana aliulizwa.

"Mnyapara amelala akiwa amesimama. Ana malale. Nimemwambia mara nyingi."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Yule Mzungu alinitazama usoni. Nikamwambia, Bwana, huyu mtu ni kichaa, kila mtu hapa anajua. Akawageukia watu wangu akauliza kama ni kweli. Wakajibu mmoja baada ya mwingine: kichaa, Bwana. Kichaa. Kichaa kabisa. Watu kumi na saba.

Anselmo alifukuzwa kabla ya mchana. Alitoka shimoni, akajifuta unga wa mbao machoni, akazipanga kabari zake kwa urefu. Akaniuliza jambo moja tu, akiiangalia miguu yangu: "Kesho nani atakuwa chini?" Akaondoka kwa miguu kuelekea Mwamkulu.

Kesho yake mimi mwenyewe nilianguka kutoka juu ya gogo. Waliniambia nililala kabla ya kufika chini.

Siku za nyumbani sizikumbuki zote, nyingine nimesimuliwa na mke wangu, Feliska. Mchana nilikuwa nalala na kijiko mkononi. Ukinigonga kidogo tu mguuni nilipiga yowe, maumivu yanapanda mpaka kwenye meno. Mikono ilitetemeka, suruali ikawa inashikiliwa na kamba. Nilimrushia Feliska sufuria ya uji. Nilimwita kwa jina la dada yangu aliyekufa. Sauti ya kinu kikitwangwa kwa jirani ilikuwa kama wananitwanga mimi, nikawa najificha nyuma ya ghala nimeziba masikio. Watoto walikuja kunichungulia kisha wakakimbia. Mambo ya ndani ya nyumba siandiki. Ila mwenye ugonjwa huu ajue kwamba yanakatika, na kwamba yanarudi.

Shemeji yangu Pius, kaka yake Feliska, alisema nimelogwa, na mlozi anajulikana: ni yule aliyekuwa anautaja ugonjwa kila asubuhi kabla haujaonekana. Nani anautaja ugonjwa wa mtu ila aliyeutuma? Mashemeji wawili wengine wakakubali. Nilipelekwa kwa mganga upande wa Kibaoni, nikachanjwa, nikarudishwa nikiwa mbaya zaidi. Pius akanoa panga, akasema anakwenda Mwamkulu kuzungumza na huyo Anselmo.

Feliska aliwatangulia. Alitoka alfajiri na mtoto mgongoni, akamkuta Anselmo analima mpunga na mama yake. Aliniambia baadaye kwamba alikwenda akiwa na hasira kama ya Pius, alitaka amwone machoni, na macho hakuyapata. Akamuuliza kwa nini amemfanyia mumewe vile. Anselmo akamjibu akiwa anaiangalia miguu yake iliyojaa tope.

"Mjomba wangu alitembea hivyo. Walichelewa, akafa. Mpeleke akachomwe sindano ya mgongo. Leo, si kesho."

Feliska alirudi mbio. Akamwambia kaka yake aweke panga chini akatafute lori. Hapo ndipo ndugu walipogawanyika, maana Pius aliapa kwamba tukienda hospitali asihesabiwe kuwa ndugu. Akaondoka. Hakuja kuniona hata mara moja. Lori lilikuwa la magunia ya mpunga. Feliska alinilaza juu ya magunia akanifunga kwa khanga zake mbili nisidondoke.

Kwenye hospitali ya misheni tulikaa kwenye benchi toka asubuhi hadi kivuli kikahamia upande wa pili wa ukuta. Benchi lile nalijua kuliko viti vya nyumbani kwangu. Lilikuwa la mninga, limepasuliwa vibaya, aliyekuwa juu alikuwa mvivu. Nililala juu yake, nikaamka, nikalala. Mama mmoja Mfipa aliyekuwa na mtoto mgonjwa alinisogezea kichwa changu pajani kwake bila kuniuliza jina.

Sindano ya mgongo ni hivi. Unakaa umejikunja kama jongoo, dresa mmoja, mhudumu wa wodi, anakushika shingo na magoti, mwingine yuko nyuma. Usitikisike. Mimi nimeangukiwa na tawi la mninga begani na sikulia, lakini pale nililia, na wewe ukilia usione aibu. Walipoyaangalia yale maji waliyoyavuta mgongoni wakasema ugonjwa umefika kichwani.

Dawa ya kichwani inaunguza. Inaingia kwenye mshipa wa mkono, na tone likitoka nje ya mshipa, mkono unavimba kama mhogo uliolowekwa. Nilichomwa siku tatu, nikapumzishwa wiki, siku tatu tena, wiki, siku tatu tena. Kalenda yangu ikawa hiyo. Fungu la kwanza, mvua kubwa, paa la wodi linavuja. Baada ya hilo, nilipotelewa na akili siku mbili, wakanifunga kitandani kwa shuka, na mtu wa kitanda cha jirani akafa kwa dawa ileile. Fungu la pili, mahindi ya mwanzo, Feliska akaniletea hindi moja la kuchoma na nikamaliza nusu. Fungu la tatu, ngozi ya viganja ikabanduka yote kama gome, chini yake mikono ikawa laini kama ya karani.

Kilichonisumbua kuliko sindano kilikuwa makelele ya sahani. Wakati wa chakula sahani za bati ziligongana wodi nzima, na mimi nilishuka kitandani nikajikunja kwenye pembe, nikiyumba. Wagonjwa walinicheka. Dresa mmoja mfupi, mtu wa ziwani, hakucheka. Aliniongoza nje hadi nyuma ya chumba cha kufulia, akaniwekea sahani yangu chini, akaniambia nitakuwa nakula hapo. Nilikula pale wiki tano, peke yangu, nyuma ya mashuka. Siku ya kwanza ndipo lilipokuja mbele yangu lile lundo la magome la kambini.

Kiangazi kilipoingia nikatoka, mwembamba lakini natembea. Nilinyoa, nikavaa kofia, nikapanda baiskeli kwenda kambini. Mnyapara mpya alikuwa kijana niliyemfundisha mimi kushika tupa ya kunolea msumeno. Bwana akaniambia hawezi kumpa kazi mtu aliyeugua kichwani. Nikamwambia nimepona, nina barua ya hospitali. Akawauliza watu kama nimekuwa sawa. Walewale. Mmoja akasema, Bwana, alimpiga mkewe sufuria. Mwingine akasema alifungwa kwa mashuka. Wa tatu akalitaja lile neno lenyewe, na wengine wakaitikia.

Nilitaka niwatanie ili niwaonyeshe kwamba mimi ni yuleyule. Nikamwambia mmoja wao, mtani wangu wa miaka mingi, kwamba tumbo lake limekuwa kubwa, amewameza wangapi. Zamani angenitukana mpaka jua litue. Siku hiyo alinijibu polepole, kama unavyomjibu mtoto: "Ndiyo, baba. Pole. Nenda ukapumzike." Mtu asiyetaniwa tena ameshazikwa. Nilisukuma baiskeli mpaka barabarani ndipo nikaipanda.

Baada ya hapo nilijisimamisha mwenyewe, kama kawaida yangu. Nilianza na msumeno mmoja mkuukuu, shimo moja, na Feliska akiwa chini. Ndiyo, mke wangu alivuta msumeno, na watu waliotucheka leo wananunua vitanda kwangu. Kila baada ya miezi mitatu nilirudi kuchomwa mgongo na kuambiwa ni safi. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili nao. Sasa nina watu wanane.

Anselmo nilimkuta kwenye kizuizi cha mbung'o, kwenye barabara inayotoka porini. Feliska alikuwa amemwambia yule dresa mfupi nani aliyeutambua ugonjwa wangu, dresa akawaambia watu wa mbung'o, nao wakamwajiri. Kazi yake ni kusimamisha kila anayepita, kwa miguu au kwa baiskeli, na kumkagua kwa wavu mdogo ili asibebe mbung'o kwenda mjini. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilikuwa nataka kumpa kazi kwenye mashimo yangu, kazi ya juu, ya fundi.

"Shuka," akasema. Nikashuka. Nikamweleza shida yangu yote: kwamba nimepona, kwamba aliniokoa, kwamba nataka aje, atakuwa juu na hatashuka chini kamwe. Aliangalia miguu yangu muda mrefu.

"Inakanyaga," akasema. Kisha akauliza, "Siku uliyosema mimi kichaa, ulikuwa umeshaugua?"

Nilijua jibu linalofaa. Kila mtu Mpanda anajua malale hubadilisha mtu, na hakuna anayemdai mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimeshaugua.

"Na miaka mitatu ya chini?"

Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wawili wa Mwamkulu na vikapu vyao, wanasikiliza. Mimi si mtu wa kujishusha mbele ya watu, aulizwe yeyote.

"Hapana," nikasema. "Wakati ule nilikuwa mzima."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa ubao akakuta urefu ni ule aliofikiri. Akasema hatakuja. Akasema hapa kila mtu anageuka akiambiwa ageuke, hata Wazungu, na hakuna anayemuuliza kama amekufa.

Ewe unayesoma ukiwa na homa isiyokwisha, nenda ukapimwe. Usingoje aliyekuambia awe mtu unayemheshimu.

Napita pale mara mbili kwa wiki na mbao zangu. Sijapata hata mara moja kupitishwa bila kukaguliwa. Siku ile ya kwanza, nilipokuwa tayari nimeshika usukani niondoke, alinisimamisha.

"Hatujamaliza. Geuka."

Nikageuka. Nikasikia wavu umepita mgongoni, mwepesi, karibu na palepale pa zamani, nyuma ya shingo.

"Yupo mmoja," akasema, akamtia kwenye kopo la bati, akawaita wale wanawake wasogee.